Kichala cha Fedha

Ilikuja kwa posta, katika bahasha ya kaki,
imeviringishwa pamba kama jino la mtoto.
Karani wa dirisha la tatu akauliza ni kitu gani.
Nikasema: zabibu.
Akaipima kiganjani, akacheka, akagonga muhuri.

Nyumbani Bihawana niliiweka mezani
kando ya mkasi wa kupogolea na daftari la madeni.
Haifiki upana wa ukucha wa gumba.
Upande mmoja farasi, mguu wa mbele hewani;
upande wa pili mzabibu ndani ya mraba,
vichala vinne, nilivihesabu kwa ncha ya msumari,
na pembeni herufi zilizolika
ambazo padre mmoja alinichapa viboko ili nizijue,
kabla seminari haijanifukuza.
Nikazisoma kama mtu anayevuka korongo gizani:
Ya watu wa Maroneia.
Si ya mfalme. Ya watu.

Sechelela alikuwa akipepeta uwele.
Aliinama, akaitazama, kisha akanitazama mimi.
"Tuna ekari mbili za zabibu zinazoliwa,
na wewe umekwenda kununua zisizolika."
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Zote ni kumi na moja, nyingi za shaba,
katika kopo la dawa ya ukungu nililoliosha mara saba.
Kuna suke la shayiri la Metaponto.
Kuna bundi wa Athene, ambaye mama mkwe
akija kututembelea lazima alale kwa jirani
(bundi, si mama mkwe).
Kila mji ulichora kilichoulisha, au ulichokiogopa.
Najiuliza sisi tungechora nini:
suke la uwele, au wingu linalopita bila kushuka?

Mwaka ule kiwanda kilifunga lango. Matangi yamejaa, walisema.
Bei ikashuka, ikashuka tena, kisha ikakosa jina.
Zabibu zilichachia mitini. Nyuki walilewa
wakaanguka mchangani, miguu juu.
Dalali alikuja na pikipiki, akatazama mistari yote,
akaondoka bila kuvua kofia ngumu.
Na Skolastika anadaiwa ada.

Lugha yetu haikutaka kusumbuka:
fedha ya kuyeyusha, fedha ya kulipia shule,
neno ni hilo hilo moja.
Nikaifunga yangu katika leso, nikaenda mjini
kwa Pravin sonara, nyuma ya soko.

Gramu mbili nukta saba.
"Kama kweli ni fedha," akasema, "nitakupa elfu saba.
Ila lazima niikate kidogo, nione tumbo lake."
Akanyoosha mkono kuchukua patasi.

Ngoja, nikamwambia. Tazama begani kwa farasi.

Akaweka lenzi jichoni. Pale palikuwa na mkato,
mfupi, mnyoofu, umejaa weusi wa karne.
Mtu fulani, sokoni kwao,
pengine ameshika samaki, pengine ngozi ya mbuzi,
alikuwa na shaka hii hii, na patasi yake.
Pravin alinyamaza mpaka chai yake ikapoa.
"Ni nyeupe hadi ndani," akasema.
Kisha, kwa aibu kidogo: "Elfu nane."

Tuliuza mbuzi wawili.

Likizo, Skolastika alikaa na kopo mapajani,
akavihesabu vichala kwa msumari ule ule.
"Baba, hawa watu, mwaka wao mbaya,
nani alinunua zabibu zao?"
Kitabu changu hakisemi.
Kinasema uzito, kinasema hakimu aliyeamuru ipigwe,
kinasema farasi anatazama kushoto.

Lakini chukua lenzi, nikamwambia, uangalie mzabibu.
Matawi manne tu. Hakuna chipukizi la kupoteza maji,
kila jicho limeachwa mahali pake.
Aliyechonga muhuri huu
hakuwa fundi wa chuma peke yake.
Alikuwa na sugu. Nikamshika mkono, nikamwonyesha:
hapa, kati ya gumba na shahada.